SOMO LA LEO: Ncha za freti zinavyoweza kukurudishia gitaa ulilokwisha kuuza



Leo naongea na wale wanaouza magitaa ya mtumba mtandaoni, hasa wanaonunua gitaa lililochoka, wanalibadilisha freti, wanalisafisha halafu wanalipandisha sokoni. Kama wewe unauza viti au majiko soma tu, maana kinachoua biashara ni kile kile: kazi ya mwisho kabisa, ile ambayo picha haiionyeshi lakini mkono wa mteja unaiona.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe.

Nilinunua gitaa la akustika kwa 90,000. Mwili mzima, sauti nzito, ila freti zilikuwa zimelika mpaka zina mabonde chini ya nyuzi. Nikampelekea fundi, akang'oa za zamani, akaweka mpya. Freti na ufundi 60,000. Nikalifuta vumbi, nikapiga picha nzuri karibu na dirisha, nikaliposti kwa 230,000. Siku mbili tu likachukuliwa na kijana wa Dodoma anayepiga kanisani. Nauli ya basi akalipa yeye. Mimi huku nahesabu faida yangu ya 80,000.

Siku ya nne naona ujumbe: "Kaka samahani, gitaa sauti yake iko vizuri sana, ila linanichana mkono. Nikishuka na kodi vidole vinatoka damu."

Nisiwadanganye, nilidhani anatafuta sababu ya kurudishiwa hela. Nikamwambia alirudishe nilione. Lilipofika nikapitisha kiganja pembeni ya shingo, kutoka juu kushuka chini. Msumeno! Kila freti ina kijino chake. Fundi alikuwa amekata freti kwa koleo, akapitisha tupa juujuu, akaishia hapo.

Ikabidi nimpeleke kwa fundi mwingine, mzee mmoja mtulivu, akanitoza 25,000. Nauli ya kurudi 15,000, ya kulipeleka tena 15,000, zote kwangu. Faida ya 80,000 ikabaki 25,000. Kilichoniuma zaidi ni kwamba lile gitaa nilikuwa nimelishika mikononi siku nzima. Nililipiga picha kila upande, ila sikupitisha mkono pale mteja anapopitisha mkono.

Nilikaa na yule mzee mchana mzima nikiangalia anavyofanya. Hayo ndiyo ninayowaletea leo.

KWANZA, TUELEWANE TUNAONGELEA NINI

Freti ni vile vipande vya waya wa chuma vilivyolala kukatiza shingo ya gitaa. Waya wa freti una sehemu mbili. Kuna kichwa, yaani ile duara ya juu ambayo uzi unaigusa. Halafu kuna mguu, ambao unazama kwenye mfereji uliochimbwa kwenye ubao na una vimeno vya kung'ang'ania mbao.

Freti nyingi zinatengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Wauzaji huuita "nikeli silva", lakini hauna fedha ndani yake hata kidogo, kwa hiyo usije ukamwandikia mteja kwamba gitaa lina freti za fedha. Zipo pia za chuma kisichoshika kutu. Hizo zinadumu sana, ila ni ngumu na zinakula tupa.

Sasa piga hesabu. Gitaa la akustika la nyuzi za chuma mara nyingi lina freti 20. Kila freti ina ncha mbili, hizo ni ncha 40. Kila ncha ina kona mbili, hizo ni kona 80. Kona 79 zikiwa laini na moja ikabaki kali, mteja ataikumbuka hiyo moja.

KWA NINI NCHA ZINACHANA?

Sababu ya kwanza ni kazi haikumalizika, kama ilivyonikuta mimi.

Sababu ya pili wengi hawaijui: hali ya hewa. Mbao inanywa unyevu inavimba, ikikauka inasinyaa. Chuma hakisinyai. Gitaa lililokaa Dar au Tanga kwenye joto la unyevu, ukilipeleka Dodoma kukavu, ubao wa shingo unapungua upana kidogo sana, lakini freti zinabaki na urefu wake. Ncha zinachungulia nje. Kwa hiyo unaweza kutuma gitaa laini kabisa, na baada ya wiki chache mteja akalalamika, na wote wawili mnasema kweli.

HATUA KWA HATUA

Hapa nachukulia freti mpya zimeshagongwa ndani.

1. Linda gitaa kabla ya kushika tupa.
Toa nyuzi zote. Funika mwili wa gitaa kwa kadibodi au kitambaa kizito, ziba tundu la sauti. Bandika ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi kwenye ubao katikati ya freti na freti, pamoja na ubavu wa shingo. Kama ni gitaa la umeme, funika na zile sumaku za kunasia sauti, maana chembe za chuma zikinasa pale kuzitoa ni shida. Vaa miwani na barakoa. Vumbi la chuma usilifute kwa kiganja, tumia brashi.

2. Hakikisha kila ncha imekaa chini.
Angalia pembeni kama kuna mwanya kati ya freti na ubao. Jaribu kupitisha kona ya karatasi nyembamba chini ya ncha. Ikipita, ncha imenyanyuka. Igonge taratibu kwa nyundo ya plastiki au ya shaba. Ikigoma, weka tone la supa gluu nyepesi, ibane mpaka ikauke. Ukiirukia hatua hii, hata ukilainisha vipi, uzi wa kwanza ndio utaenda kunasa chini ya ile ncha.

3. Kata na usawazishe na ubavu wa shingo.
Kama waya bado umetokeza, kata kwa koleo kali karibu na ubao, na wakati unakata usivute kwenda juu, utaing'oa ncha. Kisha chukua tupa bapa ndefu, ilaze kwenye ubavu wa shingo, ipeleke kufuata urefu wa shingo. Tupa ndefu inagusa ncha nyingi kwa pamoja, ndiyo maana zinatoka sawa. Ukitumia fupi utakula moja moja na ubavu utakuwa na mawimbi. Sikiliza sauti: mwanzoni inakwaruza kwa kelele, ncha zikifikia usawa wa mbao sauti inapoa. Hapo simama. Usile mbao.

4. Weka mteremko.
Tupa ile ile, sasa iinamishe kuelekea ndani ya ubao, kama digrii 30 hadi 35 kutoka wima. Wanaofanya kazi hii kila siku huchonga kipande cha mbao chenye mfereji wa pembe hiyo, wanachomeka tupa humo ili pembe isibadilike. Paka ncha zote rangi ya maka peni kwanza, utaona wapi tupa imepita na wapi haijafika.

Hapa ndipo watu wanaharibu. Ukizidisha mteremko, kichwa cha freti kinakuwa kifupi, na uzi wa kwanza unateleza nje ya shingo mchezaji akiuvuta. Hilo halirekebishiki kwa msasa, unang'oa freti unaanza upya. Bora mteremko mdogo uliolainishwa vizuri kuliko mkubwa wa haraka.

5. Sawazisha vichwa kabla ya kulainisha kona.
Kama freti zinahitaji kusawazishwa urefu na kurudishiwa uduara wake juu, fanya sasa. Kila unapopitisha tupa juu ya freti unazalisha kingo mpya kali, kwa hiyo ukilainisha kona kwanza utairudia kazi.

6. Zungusha kona.
Hii ndiyo kazi yenyewe. Mteremko peke yake unaacha kona mbili kali kwa kila ncha, kulia na kushoto. Ndizo zinazochana.

Unahitaji tupa ndogo laini ya pembe tatu, ambayo kingo zake zimesagwa kwenye jiwe la kunolea mpaka hazina meno. Kwa nini? Ili ukingo unaogusa ubao usichimbe mbao wakati upande wa tupa unakula chuma. Ipime kwa kuipitisha kwenye ukucha. Ikiteleza iko tayari, ikikwaruza rudi kwenye jiwe.

Weka tupa kwenye kona, anzia chini karibu na mbao, ipandishe huku ukiizungusha mkono kuelekea juu ya freti, kama unamenya ganda la chungwa. Mara tatu au nne upande wa kulia, idadi ile ile upande wa kushoto. Kisha gusa kidogo pale chini mteremko unapokutana na mbao, na pale juu unapoanzia. Nenda ncha inayofuata na idadi ile ile. Ukihesabu, ncha zote zitafanana. Ukikisia, kila moja itakuwa na sura yake.

Usikimbilie kuingia TikTok katikati. Yule mzee alipofika katikati ya shingo alisimama, akanywa maji, akafuta tupa kwa brashi, akaendelea. Tupa iliyojaa unga wa chuma haikati, inakwaruza tu.

7. Msasa, kisha mng'ao.
Zungushia msasa kwenye kifutio cha penseli ili ufuate duara. Anza namba 400, kisha 600, 1000, malizia 2000. Kila namba inafuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia, kwa hiyo usiruke. Ukitaka zing'ae, tumia pamba ya chuma ile laini kabisa, namba 0000. Siyo ile ya kusugulia masufuria! Au dawa ya kung'arisha shaba kama Brasso, kidogo tu kwenye kitambaa, tepu ikiwa bado imebandikwa, maana ikiingia kwenye mbao inaacha weupe.

8. Usisahau ukingo wa ubao wenyewe.
Toa tepu. Pitisha msasa laini kwa wepesi kwenye ukingo wa ubao kati ya freti na freti, uondoe ile kona kali ya mbao. Ubao mweusi au wa kahawia usiopakwa vanishi, upake matone machache ya mafuta ya madini, subiri dakika chache, futa yote yaliyobaki. Mafuta ya kupikia usiguse, yanaganda na kunuka. Ubao mweupe wenye vanishi hauhitaji mafuta, na msasa usipitishe pale.

JINSI YA KUPIMA

Kuna vipimo vitatu na vyote ni vya bure.

Cha kwanza, kiganja. Funga macho, pitisha kiganja pande zote mbili za shingo, kupanda na kushuka. Macho yanadanganya, hasa freti zikiwa zinang'aa.

Cha pili, soksi nyembamba ya nailoni. Ivae mkononi au ifunge kwenye kidole, pitisha pembeni ya shingo. Ikinasa popote, weka alama kwa penseli kwenye tepu, rudi na tupa.

Cha tatu, funga nyuzi upige. Bonyeza uzi wa kwanza kwenye kila freti, uvute kuelekea nje. Usiteleze na usinase.

KAMA WEWE SIYO FUNDI

Huna ulazima wa kujifunza tupa. Lakini una ulazima wa kujua unachokilipia. Unapompelekea fundi gitaa, usiseme tu "nibadilishie freti". Sema: "Fundi, nataka na ncha zizungushwe kona, siyo kukatwa mteremko tu. Nitapima kwa soksi." Mkubaliane bei ikiwa na kazi hiyo ndani. Siku ya kuchukua, pima mbele yake kabla ya kumalizia malipo. Fundi mzuri hatakasirika, na mwingine ataanza kukuheshimu.

Na mheshimu pia kwa bei. Kona 80 ni muda. Freti za chuma kisichoshika kutu ni muda zaidi na tupa zaidi. Ukimbana fundi kwa elfu tano, atakachokata ni hiyo saa ya mwisho, kwa sababu anajua haionekani kwenye picha.

HALI YA HEWA NA USAFIRISHAJI

Kama mteja yuko sehemu kavu na wewe uko pwani, liache gitaa kwenye chumba chenye kiyoyozi siku kadhaa, kisha pima tena kwa soksi kabla ya kufunga mzigo. Ncha zikichungulia, zimalize hapo hapo. Usilianike juani wala kuliweka karibu na jiko ili likauke haraka, mbao inaweza kupasuka. Magitaa hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Kipima unyevu kidogo kikikaa kwenye chumba unachohifadhia mzigo, kitakusaidia kwa magitaa yote.

Mwambie mteja mapema: "Likifika liache kwenye boksi saa chache lizoee hewa. Ukiona baada ya wiki kadhaa ncha zinagusa mkono, nijulishe, ni mbao imesinyaa na inarekebishika." Sentensi hiyo inageuza lalamiko kuwa swali. Mteja aliyetahadharishwa anakuuliza kwanza, ambaye hakuambiwa anakuanika kwenye magrupu.

JINSI YA KULIWEKA SOKONI

Usiandike "gitaa kali, freti mpya" ukaishia hapo, kila mtu anaandika hivyo. Andika hivi:

"Gitaa la akustika, mtumba. Freti 20 mpya, ncha zote zimezungushwa na kulainishwa kwa mkono. Angalia video, soksi inapita bila kunasa. Lina mkwaruzo mmoja nyuma, nimeupiga picha. Likifika likakuchana mkono ndani ya siku saba, nauli ya kurudisha ni yangu."

Video ya soksi ni sekunde kumi tu. Piga picha moja ya karibu ya ncha tano au sita, mwanga ukitoka pembeni. Mtu asiyejua gitaa ataona usafi, na anayejua ataona umemfikiria. Na ile ahadi ya nauli usiiogope kama umeshapima. Usipopima, ndiyo unapaswa kuiogopa.

Kwenye hesabu yako ya bei, weka mstari wake wa kumalizia ncha, hata kama umefanya mwenyewe. Mimi baada ya lile tukio naandika: manunuzi, freti, ufundi, kumalizia, usafiri, ndipo faida. Nisipoandika "kumalizia", najua nitaruka.

Yule kijana wa Dodoma nilimtumia gitaa lake, nikamwomba msamaha. Jibu lake lilikuwa fupi: "Sasa hivi linateleza kaka, asante kwa kutonibishia." Ndiyo hivyo tu. Ila nilikumbuka kwamba ile siku ya kwanza nilikaribia sana kumbishia, na gitaa lilikuwa mikononi mwake, siyo mwangu.

KAZI YA NYUMBANI

Leo kabla hujaposti chochote, chukua bidhaa moja uliyonayo, funga macho, ipitishe mkono pale ambapo mteja ataishika kila siku. Gitaa ni pembeni ya shingo. Kiti ni chini ya ukingo. Sufuria ni kwenye mpini. Ukikuta kijino, kimalize kabla mteja hajakikuta.

Hifadhi posti hii, mtumie na mwenzako anayeuza vyombo vya muziki. Kama gitaa limewahi kukurudia, andika hapo chini lilirudi kwa sababu gani na ulifanyaje, tujifunze wote.

Biashara njema.